Kimoja kwa Kila Goti

Katika nyumba ya Taratibu, ukitaka sukari usifungue kopo lililoandikwa sukari. Humo mna chumvi. Sukari imo kwenye kopo la kahawa, kahawa imehamia kwenye chupa ya asali, na lile kopo la bati la biskuti, lenye picha ya farasi, halijaona biskuti tangu lilipomaliza zake za kwanza. Lina sindano, nyuzi na futi ya mama mwenye nyumba, ambaye hushona sare za shule. Mgeni akijitia ujuzi wa kujihudumia hunywa chai ya chumvi na kuaga mapema. Wenyeji wenyewe hawakosei. Kila mmoja anajua kitu kilipo, na hakuna aliyeona sababu ya kutupa kopo zima ati kwa kuwa maandishi yake yamepitwa na wakati. Nalisema hili mapema kwa sababu balaa lote lilianzia hapo, asije mtu akamsingizia shetani.

Taratibu lilikuwa jina la kazini. Alifundisha udereva, na neno lake lilikuwa hilo hilo asubuhi hadi jioni: "Taratibu, mama. Taratibu, ukuta hauhami." Gari lake dogo lilikuwa na breki mbili, ya mwanafunzi na ya kwake, na kwa kuikanyaga ya kwake miaka nenda miaka rudi, mguu wake wa kulia ulikuwa hautulii hata nyumbani. Akiwa kwenye kochi anasikiliza taarifa ya habari, kiongozi akianza kuahidi, mguu wa Taratibu unakanyaga zulia.

Kisha akaugua. Miguu ilivimba, tumbo likajaa maji, macho yakawa manjano mpaka wanafunzi wakawa wanamtazama yeye badala ya barabara. Hospitali wakampima wakampima tena, na daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akamweleza kwamba ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Pengine alikuwa navyo tangu kuzaliwa. Vimekula ini polepole, limejaa makovu na limeanza kusinyaa.

"Ini si la walevi?" Taratibu aliuliza. "Mimi hata bia siijui ladha yake."

"Pombe ni njia moja. Wewe umepita nyingine."

Hapo ndipo kichwa chake kilipoanza kuzunguka, na hakikutulia tena. Maana alielekezwa akachukue dawa kwenye dirisha la mwisho wa korido, na kila mtu mjini anajua dirisha lile ni la kina nani. Akarudi mbio chumba cha daktari.

"Daktari, kumbe nina Ukimwi?"

"Huna. Tulikupima."

"Mbona napewa dawa yao?"

"Dawa hii inafubaza virusi vyao na vyako pia. Ni dawa moja, magonjwa mawili."

"Kwa hiyo ninao kidogo."

"Huna hata kidogo, baba."

Alirudi kwenye foleni akiwa ameinamisha kofia. Mkewe na watoto wakapimwa, wakakutwa salama, wakachanjwa. Kuhusu yeye, mwaka ulipopita maji yalikuwa yameisha tumboni, macho yameng'aa, na daktari akamwambia kwa furaha kwamba virusi havionekani tena kwenye damu. Taratibu akainuka kumpa mkono wa kwaheri.

"Unakwenda wapi?"

"Si nimepona?"

"Hujapona. Vipo, vimejificha. Kidonge ndicho kinachovibana. Ukiacha vinarudi, na ini lako halina tena mahali pa kupigwa. Ni kila siku, maisha yako yote."

"Mnajuaje kuwa vipo kama havionekani?"

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alieleza kwa muda mrefu na kwa upole. Taratibu alitikisa kichwa kila palipostahili, asielewe hata chembe, kisha akaamua kutii tu. Wanafunzi wake nao hawakujua kwa nini alama ya kusimama ni nyekundu, lakini walisimama. Daktari alipomalizia kwa kusema, "Na ndugu zako wa tumbo moja uwalete wapimwe," alijibu ndiyo, nitawaleta. Hakumleta mtu.

Ndugu wa tumbo moja alikuwa mmoja tu, Dada Mkubwa. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na mpaka leo alikuwa akimrekebisha kola mbele za watu. Angemwelezaje? Nina ugonjwa wa walevi nami silewi. Nakula dawa ya ugonjwa ambao sina. Nimepona lakini sijapona. Mtu ukishindwa kujieleza jambo wewe mwenyewe, utamweleza nani? Akanyamaza, na alichokinyamazia yeye kikasemwa na wengine. Mtu fulani alimwona kwenye lile dirisha, akamwambia mtu mwingine, na habari ikafika kwa Dada Mkubwa ikiwa imenona.

Hakumuuliza mdogo wake. Alimwendea wifi yake, aliyekuwa kwenye cherehani.

"Wifi, mdogo wangu alikuwa mzima kabisa mpaka alipokuoa. Mengine Mungu anayaona."

Yule mke alikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika. Jioni alimwambia mumewe yote, kisha akachukua lile kopo la dawa lenye maandishi ya hospitali, akavimimina vidonge vyote kwenye kopo la vitamini za mifupa, lenye picha ya mzee anayecheka akiwa amebeba vyuma vya mazoezi.

"Akiingia jikoni kupekua, akutane na huyu mzee," alisema.

Taratibu aliafiki. Kila alipoleta dawa mpya, zikamiminwa kwa mzee. Kopo la hospitali likaoshwa, likatiwa vifungo vya sare. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walishasema, lakini katika nyumba ile wahenga nao walikuwa wamewekwa kwenye kopo lingine.

Haukupita muda Dada Mkubwa akaja kukaa nao, maana nyumba yake ilikuwa inaezuliwa paa. Alikuja na mto wake, redio yake, na magoti yanayolia kila akiinuka. Wifi akampokea kwa heshima zote, chai ya kwanza ikawa yake, na hakuna aliyemtajia mwenzake neno la cherehani. Walikaa hivyo miezi, wakicheka kwa meno tu.

Katika miezi hiyo Taratibu aliona mambo madogo yasiyoeleweka. Kidonge cha asubuhi kilikuwa siku nyingine kinateleza, siku nyingine kinakwama kooni na kuacha unga unga ulimini. Alidhani koo limeanza kuchoka, kwamba ndivyo ini linavyokuaga, kiungo baada ya kiungo. Hakusema. Alimeza kwa maji mengi zaidi.

Kisha ikafika siku ya kipimo. Daktari alitazama karatasi, akamtazama, akarudi kwenye karatasi.

"Umeacha dawa."

"Sijaacha."

"Virusi vimerudi. Na ini linalalamika. Nakuuliza kama rafiki, si kama polisi. Umeacha?"

"Daktari, namwona kwa macho yangu haya," mkewe akadakia. "Kila asubuhi, baada ya chai."

Daktari akauliza kwa sauti nyingine kabisa. Je, anasahau mambo? Analala mchana? Anaweka vitu mahali visipostahili? Mume na mke wakatazamana, maana katika nyumba yao swali hilo la mwisho halikuwa na jibu jepesi. Daktari akamwambia anyooshe mikono mbele, viganja wima kama anayesimamisha magari, akaitazama kama inatikisika. Akaeleza kwamba ini likichoka linaacha kuchuja sumu, sumu inapanda kichwani, na mtu anachanganyikiwa bila yeye mwenyewe kujua.

"Unafanya kazi gani vile?"

"Nafundisha udereva."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mpaka nijue kinachoendelea, usikae kwenye gari na mwanafunzi. Na kesho kutwa nileteeni hilo kopo lenyewe la dawa nilione. Pengine dawa ndiyo mbovu. Tusipojua mapema, baba, hilo ini halitatusubiri."

Taratibu hakuwa anaogopa kufa kama alivyoogopa lile neno, kuchanganyikiwa bila mwenyewe kujua. Maana kama mtu hajui, atajuaje? Kila alilolifikiria alilipeleleza. Alifika nyumbani akatafuta funguo mfukoni, hazimo, jasho likamtoka, kumbe anazo mkononi. Ni kitu kinachomtokea kila mwenye funguo duniani, lakini siku hiyo alikaa kwenye ngazi akazitazama kama zimeshuhudia dhidi yake.

Asubuhi iliyofuata alikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye yeye Taratibu alishindwa kumwahirisha, mwoka mikate aliyekuwa na mtihani mlangoni. Alijiambia ni mara moja tu, na atamkabidhi kwa mwalimu mwingine. Mwanamke yule aliendesha vizuri. Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna gari, hakuna mtu, hakuna hata paka. Katikati ya hiyo nyeupe Taratibu akaikanyaga breki yake mpaka mwisho, na trei tupu za mikate zikaruka kutoka kiti cha nyuma.

"Mwalimu! Kuna nini?"

Alitazama mbele. Alikuwa na hakika aliona kitu, halafu akawa na hakika hakuona kitu, halafu hakika zote mbili zikamponyoka.

"Sijui," alisema. "Mama, sijui kuna nini."

Mwoka mikate ndiye aliyemrudisha nyumbani, yeye akiwa abiria kwenye gari lake mwenyewe. Njia nzima alikuwa akimwambia kwa upole, "Taratibu, mwalimu, taratibu," na mwalimu alitamani kulia.

Alimkuta mkewe jikoni.

"Leo nimemeza?"

"Umemeza. Nimekuona."

"Na jana?"

"Na jana."

"Basi ni nani asiyemeza?"

Mke alimshika mkono, akamkalisha kwenye kigoda, akasema heri wafanye jambo moja linaloeleweka: watayarishe lile kopo la daktari. Lakini watampelekeaje daktari mzee mwenye vyuma? Ilibidi dawa irudi kwenye kopo lake. Mke akalimwaga kopo la hospitali, vifungo vikatapakaa mezani. Akachukua sinia, akamimina juu yake vidonge vya kopo la mzee ili avihamishe vizuri.

Wote wawili wakainama, kwani jua la dirishani lilikuwa limeliangukia sinia lote. Vidonge vilikuwa vyeupe, vyote virefu, kwa kutupa jicho ni vya baba mmoja. Lakini baadhi vilikuwa vyembamba, vina herufi zilizochongwa ubavuni. Vingine, na ndivyo vilivyokuwa vingi, vilikuwa vinene kidogo, vitupu, vyenye unga.

"Hivi ni nini?" mke aliuliza.

"Nakuuliza wewe."

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye unayevileta."

"Na wewe ndiye unayevimimina!"

Ikapita baina yao dakika mbaya. Yeye alimwona mkewe anambadilishia dawa, mke alimwona mumewe amerukwa na akili kweli na anajichanganyia vidonge gizani, na kila mmoja aliliona wazo la mwenzake usoni. Sitaki kusema nyumba ingefika wapi, kwa sababu muda huo magoti yalilia kwenye korido na Dada Mkubwa akaingia na kikombe chake.

"Haa! Mmezimwaga vitamini? Sinia lenyewe limekauka? Juzi tu nimejaza hapo."



"Umejaza nini, dada?" Taratibu aliuliza, taratibu kuliko siku zote.

"Vitamini, nini tena? Niliona unameza kila asubuhi na umependeza, nikasema kumbe siri ndiyo hii. Nikawa nachukua. Kimoja kwa kila goti. Sasa nile vya mdogo wangu nimwachie kopo tupu, mimi nimelelewa wapi? Kila vikipungua naenda dukani, nanunua kopo kama hilo hilo, nafidia." Akawatazama mmoja mmoja. "Mbona mnanitazama hivyo? Havikuwa vya bei."

Taratibu alianza kucheka. Alicheka mpaka akakishika kigoda. Kichwa chake kilikuwa kizima! Breki ilikuwa ni woga tu, koo lilikuwa zima, ulimi ulikuwa unasema kweli. Kisha alitazama tena sinia, akaona jinsi vyembamba vilivyokuwa vichache, na kicheko kikakauka. Miezi yote ile ini lake lilikuwa linapigana kwa vitamini.

Ilibidi Dada Mkubwa aambiwe. Alipoelewa ni dawa ya dirisha gani, kikombe kilimponyoka.

"Mmenilisha dawa za Ukimwi! Miezi yote! Sasa si nimeupata?"

"Haupatikani kwa dawa, dada. Wala mimi sina."

"Kama huna unameza nini?"

Taratibu alifungua kinywa kumjibu, akagundua kwamba maneno yapo. Yalikuwa ya daktari, aliyoyatikisia kichwa bila kuyaelewa, lakini sasa yalikuwa yanatoka kwa mpangilio wake: dawa ni moja, magonjwa ni mawili, huu wangu ni wa ini, si wa pombe wala wa uasherati, na mke wangu hana. Hilo la mwisho alilisema mara mbili. Dada Mkubwa hakumtazama wifi yake.

Wakaenda hospitali wote watatu, na sinia la vidonge likiwa kwenye mfuko. Daktari alisikiliza kisa mpaka mwisho akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Taratibu alirudishiwa gari lake kwa masharti, na dawa mpya ndani ya kopo ambalo daktari aliapa kwamba likitiwa kifungo hata kimoja atakuja kulichukua. Kisha akamgeukia Dada Mkubwa. Kwa vile amekula dawa asiyoandikiwa, tena mara dufu, lazima wapime figo. Na kwa vile ni tumbo moja na huyu bwana, watapima pia virusi vya ini.

"Mimi? Mimi ni magoti tu."

Figo zilikuwa salama. Virusi vilikuwemo. Ini lake nalo lilikuwa limeanza makovu, ingawa si kama la mdogo wake. Daktari alisema asiiache dawa aliyokwisha kuianza, ila sasa ni kimoja kwa siku, magoti yatafutiwe njia nyingine.

"Nimeupata wapi?" Dada Mkubwa aliuliza. "Mimi ni mjane wa miaka mingi. Sijafanya lolote."

"Wala mdogo wako hajafanya," daktari alisema. "Mara nyingi mtoto huupata kwa mama, siku anapozaliwa. Mama yenu alifariki kwa nini?"

Taratibu hakukumbuka vizuri, alikuwa mdogo. Alikumbuka kitanda, na tumbo kubwa chini ya shuka, akidhani ataletewa mdogo wake. Alimtazama dada yake.

"Tumbo lilivimba," Dada Mkubwa alisema. "Macho yakawa manjano. Majirani walisema anakunywa kwa siri."

Taa ya dari ilikuwa inavuma.

"Kwa hiyo mama hakuwa anakunywa," alisema Dada Mkubwa.

"Dada," Taratibu alisema, amechanganyikiwa kuliko siku zote alizowahi kukaa kwenye kiti kile. "Kwani wewe ulidhani alikuwa anakunywa?"

Dada Mkubwa aliinama, akavuta ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akajifuta uso wote mara moja kama anayefuta meza. Aliyemsogelea akamshika bega alikuwa wifi yake. Dada Mkubwa aliushika ule mkono, akaung'ang'ania, na hakuuachia mpaka walipofika nyumbani.

Paa lake lilikwisha kuezekwa, lakini hakuondoka haraka. Jikoni sukari bado imo kwenye kopo la kahawa. Makopo mawili tu ndiyo yanayosema kweli katika nyumba ile, na yanakaa sebuleni, juu ya meza, karibu na redio, maandishi ya hospitali yakitazama mlangoni. Damu ya Taratibu ilipopimwa tena virusi havikuonekana, na safari hii hakuinuka kuaga. Bado haelewi vinajifichaje. Anameza.

Siku moja alikuja jirani kuchukua sare ya mwanawe, akayaona makopo. Aliyatambua, ilionekana jinsi alivyoyakwepa haraka kwa macho na kuanza kusifu mapazia. Taratibu alikuwa kwenye kochi, na mguu wake ukakanyaga zulia wenyewe. Dada Mkubwa akainuka, magoti yakilia, akachukua kopo lake akampa yule jirani mkononi alisome.

"Ni ya ini," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya pili. "Homa hiyo mimi na mdogo wangu tumeipata kwa mama yetu. Na mama yetu hakuwahi kunywa hata tone."